Mwarimu wa Kabeza na Vikapu Vyake

Mwarimu hakumuuzia mtu kikapu bila kumfundisha kwanza. Mteja akiingia dukani, akanyoosha mkono ukutani na kutungua kimoja, Mwarimu alikipokea kwa upole, akakigeuza kitako juu, akauliza, "Hii unajua inatoka wapi?"

Wengi walijibu, "Rwanda." Hapo walikuwa wamejiponza. Mwarimu alitoa chaki mfukoni, akageukia ukuta wa nyuma ambao alikuwa ameupaka rangi nyeusi toka dari hadi sakafu, na somo likaanza. Ukuta ule ulikuwa na ramani ya nchi nzima. Gitarama alichora agaseke, kile kikapu kidogo chenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge. Kibungo alichora mistari ya pembe pembe ya wale wanaopamba mbao kwa samadi ya ng'ombe. Butare alichora patasi ya wachonga mbao. Halafu mishale: kitu kinatoka hapa, kinauzwa pale. "Kitu ni kimoja," alikuwa akisema, "lakini iko na bahati tofauti kila mahali. Gisenyi inauzwa siku moja. Butare wiki moja. Hapa Kabeza..." Hapo alipangusa chaki vidoleni.

Alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi kabla sijamjua. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kumuuliza. Miaka ile maswali ya namna hiyo yalikuwa na ncha, na watu wenye adabu waliyaacha. Kwangu alikuwa Mwarimu, kama Wanyarwanda wanavyolitamka neno hilo, na mimi kwake nilikuwa Fundi, maana nilikuwa nimekodi baraza ya mlango wa pili na kuweka cherehani yangu ya kukanyaga. Ilikuwa mwaka wa tisini, miezi michache kabla vita havijaanza kaskazini.

Kabeza iko pembezoni mwa Kigali, njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Kanombe. Mstari wetu wa maduka ulikuwa na muuza bia, muuza mafuta ya taa na sabuni, bucha, halafu mimi, halafu yeye na mapambo yake. Watu walimcheka. Nilimuuliza siku za mwanzo kwa nini hakufungua mjini.

"Mjini iko maduka mingi ya vikapu," akanijibu. "Kabeza iko moja tu."

"Na mteja naye ni mmoja, Mwarimu. Tena leo hajaja."

Alicheka mpaka akashika mlango. Hilo nililipenda kwake toka mwanzo, kwamba ukimchoma kwa neno zuri alifurahi kuliko ukimsifu.

Kinyarwanda chake kilikuwa cha kupendeza, Kifaransa chake kilinyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Kiswahili alikiendesha kama baiskeli ya kuazima. Kila kitu duniani kilikuwa "hii" na "iko". Mimi, msichana wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, niliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa, nilimsahihisha kila asubuhi, naye akalipiza kwa kuniuliza mito ya nchi. Nilipokosea aliita mkewe aje asikie.

Aliweza kuyasoma matope. Gari likisimama mbele yetu, aliangalia magurudumu kabla ya kumwangalia dereva. Udongo mwekundu uliokolea, huyu katoka Bugesera. Matope meusi ya milima ya volkano, huyu katoka Ruhengeri, na amechoka, mpe kiti kwanza. Mara moja alimwambia padri mmoja, hata hawajaamkiana, "Pole na mvua ya Kibuye." Padri akashangaa, akadhani yuko mbele ya mganga. Akanunua vikapu viwili kwa hofu.

Alivinusa vikapu pia. Kila mzigo ulipofika alizamisha uso ndani ya kila kimoja. Nyasi iliyokaushwa vizuri juani ilinukia, alisema, kama kitanda cha mtoto, na iliyokaushwa juu ya moshi ilimfanya apige chafya. Kile kilichompigisha chafya hakikuuzwa. Alikirudisha mlimani na salamu nyingi.

Lakini mwenyewe hakuweza kusuka hata mzunguko mmoja. Nilimwona akijaribu. Uzi wa katani ulimfunga kidole, nikaja kumkatia kwa mkasi wangu. Na huyu aliyehubiri kutwa kucha juu ya kazi za mikono ya nyumbani alivaa, nyuma ya meza pale wateja wasipoona, ndara za plastiki kutoka Bujumbura, akanywa maji katika kikombe cha plastiki kilichopasuka mdomo. Ukimsema alijibu, "Mimi nauza. Sikusema nanunua."

Kulikuwa na jambo la twiga. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa twiga wa mbao walioletwa kwa malori kutoka Tanzania na Kenya, na wageni waliwapenda sana. Mwarimu aliwachukia wale twiga kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. "Nchi hii iko na ng'ombe, iko na korongo, iko na sokwe mlimani. Twiga nani amemwona Kabeza?" Mgeni aliyemuulizia twiga alisomeshwa nusu saa. Siku moja nilikwenda kuazima sindano, nikainua kitambaa chini ya meza yake, nikakutana na twiga amelala kifudifudi. Nilimwangalia Mwarimu. Mwarimu alitazama dari.

"Huyo," akasema, "ni wa hatari."

"Hatari gani?"

"Hatari ya njaa, Fundi."

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwarimu, aliuza kuliko yeye. Hili halikuwa siri, Mwarimu mwenyewe alilitangaza. Mama Mwarimu alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na mteja akishika kikapu yeye alisema tu, "Kinakupendeza," akakifunga. Mwarimu akisafiri kwenda kufuata mzigo, duka lilichangamka. Akirudi alikagua nafasi zilizobaki wazi ukutani, akauliza kwa huzuni, "Na walijua zinatoka wapi?" Mkewe akajibu, "Oya, hapana. Lakini walijua zimekwenda wapi."

Kilichomnyima usingizi ni Gisenyi. Alisikia kwamba kule ziwani kuna mwanamke anauza vikapu vya Gitarama, vilevile vya wasusi wake yeye, kwa bei ya juu, na anamaliza. Mwaka wa tisini na mbili, siku ambazo barabara ilikuwa inapitika, alitubeba mimi na mkewe tukaenda kuona. Alichukua vikapu vyake ishirini, akaomba nafasi kando ya yule mwanamke, akavipanga juu ya kitambaa cheupe, kila kimoja na karatasi yake: jina la kilima, aina ya nyasi, siku zilizotumika kusuka. Tulikaa kutwa. Watalii walikuja, wakasoma zile karatasi kwa makini, wakamshukuru Mwarimu kwa Kifaransa, wakahamia kwa jirani na kununua.

Yule mwanamke wa Gisenyi alikuwa na benchi, birika la chai na vikapu vilivyojaa. Kimoja kilikuwa na mayai, kingine mkate, kingine matunda ya pasheni, na kile kikubwa paka alikuwa amelala ndani. Mtalii alikaa, akapewa chai, akachukua tunda, na mkono ukiwa bado ndani ya kikapu akauliza bei. Wale watu walikuwa wa likizo. Ziwa liko mbele yao, hawana pa kukimbilia.

Jioni Mwarimu alivifungasha vyake ishirini. Nilidhani amenuna. Kumbe uso wake uling'aa kama wa mwanafunzi aliyepata jibu.

"Mimi nimefungua makumbusho," akasema. "Yeye amefungua jikoni."

Tuliporudi Kabeza alifanya jikoni. Alinunua benchi, birika, mayai, maparachichi. Muda si mrefu tukagundua kwamba akili ya Gisenyi haikupanda gari pamoja nasi. Kabeza wateja wetu walikuwa watu wanaokwenda kupanda ndege, waliokumbuka ghafla kwamba hawana zawadi. Waliacha injini inaunguruma. Ukiwaambia wakae wanywe chai walikutazama kama umewatukana. Vumbi la barabara liliingia kwenye birika, maparachichi yakaoza, na muuza bia alikuja kila asubuhi kunywa chai ya bure, akasifu sana biashara. Mteja mmoja tu ndiye aliyevutiwa na kikapu cha mayai. Alinunua mayai.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mwarimu aliandika ukutani kwa chaki, kwenye ncha ya mshale wa Kabeza: *Wana haraka.* Akakaa mbele ya maandishi yale siku mbili, mikono kifuani.

Siku ya tatu bibi mmoja wa Kizungu alirudisha agaseke mezani akisema ni nzuri lakini sanduku lake limejaa, na mikononi ana mtoto. Nami nilikuwa barazani nashona. Sijui nini kilinituma. Nilichukua masalio ya kitenge, nikakata, nikakanyaga cherehani, na kabla dereva wake hajamaliza kupiga honi nikampa mfuko wenye mkanda wa begani, agaseke ikikaa ndani yake kama yai kwenye kiota. Alikwenda zake na agaseke inamning'inia mgongoni.

Mwarimu alitoka nje kumtazama mpaka gari likapotea. Kisha akaja mbele yangu na kuinama, kama wanavyoinama wanafunzi kwa mwalimu.

"Fundi," akasema, "leo mimi ni darasa la kwanza."

Tangu hapo tukawa kitu kimoja. Wasusi waliombwa vikapu vidogo vidogo, vya kukaa mkononi, na mimi nikavishonea mifuko. Duka la Kabeza likaanza kupumua. Pale mjini wakajaribu kutuiga lakini haikuwafaa, maana watu wa hotelini walikuwa na muda na walitaka vikubwa vya kuweka sebuleni. Mwarimu alifurahi kuona hilo kuliko alivyofurahia mauzo yenyewe. Alichora mshale mpya.

Basi nikuambie juu ya wasusi. Walikuwa wanawake wa mlima mmoja wa Gitarama, wengi wajane, na kiongozi wao tulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima. Alikuwa mrefu na kimya, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi. Mwaka wa tisini na tatu wageni walipungua sana kwa sababu ya vita. Hoteli zilikuwa na vyumba vitupu, barabara za kaskazini zilifungwa. Mukecuru alikuja Kabeza mwenyewe akifuatana na mzigo, wenzake wawili nyuma yake, wakaweka vikapu sakafuni mpaka pakakosa pa kukanyaga.

Alikunywa maji aliyopewa, ndipo akasema. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mjini aliyewaita waende kusuka uani kwake, kwa nyuzi za nailoni zenye rangi za kung'aa, kwa ujira wa siku. Watoto wangebaki mlimani. Nyasi zisingehitajika tena.

"Sisi hatutaki," alisema Mukecuru kwa Kinyarwanda, na Mama Mwarimu akanitafsiria pale nilipokwama. "Lakini tumbo halisikii kutaka. Mzigo huu ukiisha kabla ya mvua kubwa, tunabaki na wewe. Ukirudi kwetu, tunashuka mjini."

Mwarimu hakutoa somo siku ile. Alisema "Yego, Mukecuru," yaani ndiyo, akamsindikiza mpaka kituoni akiwa amemshika mkono.

Wiki zilipita. Makubaliano ya amani yalikuwa yametiwa saini Arusha, watu walipeana mikono barabarani, lakini vikapu viliendelea kutukalia. Mwarimu alipungua. Alikuja asubuhi akakaa bila kunusa kitu. Mama Mwarimu alimletea maharage, akayasukuma pembeni.

Halafu, kabla msimu wa mvua haujafika, ikanyesha mvua moja, mchana kweupe, mvua ya kupiga mabati kama mawe. Basi lililobeba akina mama wa makanisa, waliokuwa na mkutano wao Kigali na sasa wanarudi kwao kwa ndege, lilipata pancha mbele kabisa ya baraza yangu. Dereva alishuka, akatazama gurudumu, akatazama mbingu, akatukana zote mbili. Spea haikuwa na upepo. Ndege nazo, alisema, hazitui mvua hii. Kwa hiyo akina mama wapatao arobaini, kutoka nchi sijui ngapi, wakakimbilia chini ya bati letu wakiwa wamefunika vichwa kwa majalada ya mkutano.

Mwarimu alisimama. Niliona mkono wake ukienda mfukoni kutafuta chaki. Mama Mwarimu aliuwahi ule mkono, akaushika.

"Leo usiwaulize inatoka wapi," alimwambia. "Waulize wanakwenda wapi, na nani anawangoja."

Mwarimu akaiacha chaki mfukoni.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Mombasa, mnene, mwenye miwani. "Sisi kwetu twasuka mikeka na vikapu tangu enzi, baba. Hapa huniuzii kitu."

"Nani anakungoja nyumbani, Mama?"

"Mkwe wangu. Kajifungua juzi, mtoto wa kike."

Mwarimu alichukua agaseke ndogo kuliko zote, ile ya kukaa kiganjani, akafungua mfuniko na kuufunga tena. "Kwetu msichana akiolewa anapewa hii. Anaweka siri yake ndani, na hata bwana wake hafungui. Huyo wako bado mdogo. Mwekee, siri zitakuja."

Yule mama akasema, "Ama!" na kuishika kwa mikono miwili.

Mama wa Bukavu naye akasogea, akabetua mdomo. "Kwetu Bukavu vikapu iko mingi, na bei iko chini."

"Ndiyo," Mwarimu akamwambia, "ya kwenu iko na nguvu sana, inabeba viazi. Ukiwa na viazi, nunua Bukavu. Nani anakungoja?"

"Hakuna," akasema mama yule. "Bwana amekufa, watoto wameoa."

Sikujua Mwarimu angesema nini. Alimchagulia moja yenye michirizi ya zambarau, akampa. "Basi hii ni ya wewe mwenyewe. Weka pale unapoamka, uione." Mama wa Bukavu akainunua na nyingine mbili, akisema hizo ni za majirani, wasije wakamwonea wivu.

Wakati huo mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kama mtu anayekimbizwa. Kila mmoja alitaka mfuko, kila mmoja alichagua kitenge chake. Mama Mwarimu alipokea na kufunga, huku akiimba, na wale akina mama, waliokuwa wameimba pamoja wiki nzima, wakamwitikia. Mvua nje, wimbo ndani. Muuza bia alikuja kuona kuna arusi gani.

Kisha nikasikia ukelele. Mama mmoja wa Dar es Salaam, katika kujibana apate nafasi, alikuwa ameinua kile kitambaa chini ya meza.

"Jamani! Huyu twiga ni wa kwetu! Mpingo huu! Umefikaje huku wewe maskini?"

Mwarimu alikuwa mweusi, lakini naapa nilimwona akiiva uso. Akaanza, "Mama, hiyo... hiyo iko..." Kiswahili kikamwishia kabisa. Akanigeukia mimi.

"Ni mkimbizi," nikasema.

Kilichofuata ni kicheko ambacho nadhani kilisikika Kanombe. Yule mama wa Dar alimfuta twiga vumbi kwa ncha ya kanga, akamkumbatia. "Namnunua. Namrudisha kwao akaone ndugu zake." Na kweli alimnunua, na juu yake vikapu vitatu vya kumsindikiza, na nikamshonea twiga mfuko mrefu wenye tundu la kutokea shingo.

Mvua ilipokatika na gurudumu likapatikana, ukutani palibaki misumari. Tulisimama sisi watatu mlangoni, tukawapungia. Mwarimu aliingia ndani, akapita msumari mmoja mmoja akiugusa.

Kesho yake alfajiri alikwenda Gitarama kuwaambia wasusi, nasi tukaenda naye. Mukecuru alikuwa shambani. Aliposikia, aliliacha jembe likaanguka lenyewe. Alinyanyua mikono juu, akaitandaza kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza palepale katikati ya mihogo, taratibu, miguu ikipiga udongo. Wenzake wakaacha kazi, wakaja kutoka pande zote za mlima. Mwarimu naye akavua viatu. Alicheza vibaya sana. Pembe zake zilikuwa za ng'ombe wawili tofauti, na alikwenda kushoto wakati mlima mzima unakwenda kulia. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega, na yeye, kwa kuwa wamecheka, akazidi.

Mwisho wa mwaka ule niliolewa Bukoba, nikaondoka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Nilikuwa ng'ambo ya mpaka, nasikiliza redio, naona watu wanavyovuka na miili iliyoletwa na mto. Sitaandika hapa yale niliyoyasikia. Nilimhesabu Mwarimu na mkewe miongoni mwa marehemu, nikawasomea dua kwa namna yangu, ingawa walikuwa Wakatoliki.

Mwezi wa Desemba nilirudi Kigali kutafuta nani amebaki katika watu wangu. Nilipomaliza Nyamirambo, niliyempata na niliyemkosa, nilipanda teksi kwenda Kabeza, sijui hata nilifuata nini. Barabara ilikuwa na watu wengi nisiowajua, watoto wa wakimbizi wa zamani waliokulia Bujumbura, Kampala, Karagwe, kila kundi na Kiswahili chake. Baraza yangu ilikuwa na kinyozi. Na mlango wa pili, Mama Mwarimu alikuwa ameketi juu ya kigoda, anachambua mchele.

Tulikumbatiana hadi mchele ukamwagika wote.

Alinieleza kwa maneno machache, macho yake chini. Baada ya Pasaka walikuwa wamekwenda mlimani kuchukua mzigo, na mambo yakawakuta huko. Mukecuru aliwaficha chini ya matita ya nyasi za kusukia, siku nyingi, akiwaletea maji ndani ya kibuyu. Mukecuru yuko hai. Wale waliocheza pamoja naye siku ile, nusu yao hawapo.

"Na Mwarimu?"

Akaonyesha ndani kwa kidevu. "Yuko. Lakini tangu turudi hajapanda gari. Hajafika hata Remera hapo jirani. Mzigo nafuata mimi. Akisikia neno Gitarama anaingia chumba cha nyuma."

Mwarimu alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Aliponiona alinishika mikono yote miwili, akasema "Fundi, Fundi," mara nyingi, kisha akaniuliza nimepita mito gani nikija kutoka Bukoba. Nikakosea mmoja kwa makusudi. Akatabasamu.

Tulikuwa tunakunywa chai alipoingia dada mmoja, wa miaka thelathini hivi, amevaa vizuri, na Kiswahili chake cha Bujumbura. Alitazama vikapu vyote ukutani, kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Mzee, natafuta agaseke kama ya mama yangu. Alikimbia nayo zamani, akiwa msichana. Ikaliwa na mchwa Bujumbura. Na yeye amekufa kule, hajarudi."

"Ilikuwa na mchoro gani?"

Dada yule alichora kwa kidole juu ya kiganja chake. Mstari unapanda, unashuka, halafu unakatika, na kuanza tena chini kidogo.

Mwarimu aliweka kikombe chini. "Hiyo siyo ya wasusi wangu. Hiyo ni ya Gikongoro, upande wa msituni. Mama yako alikuwa anataja kilima gani?"

Akakitaja. Alikitamka kama mtu anayetamka neno la sala, bila kujua kama mahali hapo papo kweli.

"Iko," alisema Mwarimu. "Nakijua. Nilikuwa na wanafunzi wa huko."

Dada akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Mama Mwarimu alitungua kikapu kizuri ili ampe hicho, lakini Mwarimu alimzuia kwa mkono. Akaanza kueleza njia. Shuka kituoni Nyabugogo, chukua gari la Butare, pita Gitarama. Alilisema hilo neno, na sauti yake ikapotea kidogo, halafu akaendelea. Butare panda gari la Gikongoro, shuka kabla ya daraja, fuata njia ya pili, siyo ile ya kwanza. Dada alijaribu kuirudia, akachanganya. Mwarimu akaanza tena toka mwanzo. Akachanganya tena, machozi yakamtoka, akacheka kwa aibu.

"Mimi sijawahi kufika popote hapa, mzee. Najua majina tu."

Mwarimu akainuka, akachukua kofia yake msumarini.

"Twende," akasema.

Alivuka barabara na yule dada bila kugeuka nyuma. Hiace ya kwenda mjini ikasimama. Alishika chuma cha mlango, na pale akasita, mguu mmoja chini, mmoja ndani. Mama Mwarimu aliacha kupumua, nilimsikia. Kondakta akapiga bati. Mwarimu akauinua na ule mguu wa pili, mlango ukafungwa, gari likaenda.

Mama Mwarimu aliweka mikono kichwani.

"Hajachukua hata koti," alisema. "Gikongoro kuna baridi!"

Akaketi kizingitini akaanza kucheka, machozi yakimchuruzika, nami nikakaa kando yake tukacheka wawili, mpaka kinyozi akatoka na mkasi wake mkononi kuuliza kumetokea nini.